Shule Iliyoanza na Mayatima

Wanafunzi wa kwanza wa Askofu William Tozer pale Unguja walikuwa watano, na hakuna aliyeletwa na mzazi wake. Walikuwa wavulana waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa, na Sultani Majid akamkabidhi askofu. Mwaka ulikuwa 1864. UMCA, misheni iliyotokana na hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ilikuwa imetoka kushindwa vibaya katika bonde la Shire, alikofia Askofu Mackenzie mwaka 1862. Tozer aliirudisha nyuma hadi kisiwani ijipange upya. Yeye na Dakta Edward Steere walipotafuta watu wa kuanza nao kazi, wakapata watoto watano wasio na kwao.

Historia nyingi za makanisa yetu hulitaja jambo hili kwa sentensi moja kisha hukimbilia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini. Mimi naona tungekaa hapo kidogo. Kazi ya kuwalea watoto katika imani ya Kikristo upande huu wa Afrika ilianza na watoto waliotengwa na wazazi wao, na mbinu zilizobuniwa kwa ajili ya yatima zikaja kutumiwa kwa watoto wenye baba, mama, bibi na mjomba. Mengi yaliyofuata kwa zaidi ya karne moja, mazuri na machungu, yalikuwa ni jitihada ya kurudisha nyumbani kazi ambayo tangu mwanzo iliwekwa shuleni.

Kabla ya Unguja kulikuwa na Rabai. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine na kichanga chao mwaka huohuo, na miaka miwili baadaye akapanda Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Huko walikuta jamii iliyokamilika: wazee wa kaya, wajomba, mashangazi, kila mtoto na wenyewe. Watu waliwasikiliza kwa adabu, wakaenda zao shambani. Mringe, anayekumbukwa kuwa mtu wa kwanza kubatizwa pale, alikuwa mlemavu. Miaka ilipita na waumini wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Mwenye mtoto hakuona sababu ya kumtoa kwa mgeni amfundishe kusali, wakati kusali kulikuwa na wakubwa wake pale pale kayani.

Somo la Rabai halikuwapita waliofuata. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipokea kazi ya Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakafungua misheni Bagamoyo, palepale misafara ya watumwa ilipoishia. Walinunua watoto, wakapokea na wengine waliookolewa baharini. Sehemu ya fedha ilitoka kwa watoto wenzao. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alikuwa ameanzisha chama cha Utoto Mtakatifu, ambamo mtoto wa Ulaya alitoa senti kidogo kila mwezi na kusali kwa ajili ya watoto wa mbali. Leo watoto wa Utoto Mtakatifu wanapoandamana na vitambaa vyao shingoni katika parokia za Morogoro au Mwanza, wachache wanajua kwamba chama chao kiliwahi kulipia watoto waliokuwa wakiuzwa katika pwani hiihii.

Siku ya mtoto wa Bagamoyo iliongozwa na kengele: sala, misa, shamba, karakana, darasa, sala tena. Alipokua alitafutiwa mchumba miongoni mwa wasichana waliolelewa na masista, wakapewa nyumba katika kijiji cha Wakristo, na kengele ikawafuata huko. Baba yake kwa sheria na kwa kila kitu alikuwa padri. Nia ilikuwa njema, sina shaka. Lakini kulikuwa na wazo lililojificha ndani ya mpango huo: kwamba mtoto asiye na kwao ni kama udongo mbichi, unaufinyanga utakavyo. Wengine walitoroka. Udongo hautoroki.

Kuna kisa kimoja cha wakati huo ambacho siwezi kukipita. Swema alikuwa mtoto wa Kiyao aliyechukuliwa kwa ajili ya deni ambalo mama yake alishindwa kulilipa. Mama akaufuata msafara ili asimwache, akafia njiani. Binti alifika Unguja akiwa mifupa mitupu, akaonekana amekwisha kufa, akaviringishwa mkeka na kufukiwa juujuu. Kijana mmoja alimsikia, akamfukua na kumpeleka kwa masista waliotoka Réunion. Baadaye, inasimuliwa, akiwa anawasaidia masista hospitalini, aliletewa majeruhi wa kumhudumia, akamtambua: ni yule mfanyabiashara aliyemtesa. Akamuuguza. Masimulizi haya yalichapwa Ufaransa kama kitabu cha kuamsha huruma na kufungua mifuko, kwa hiyo inafaa kuyasoma kwa jicho kali. Mkono wa padri mhariri unaonekana. Hata hivyo, jambo moja ndani yake halitii kalamu ya mhariri. Swema alikuwa ameona wanawake wakiosha vidonda vya watu wasiowajua, siku baada ya siku. Alipotakiwa kusamehe, kazi ya kuosha kidonda ilikuwa tayari mikononi mwake.

Kwa Waanglikana wa UMCA huko Unguja, wavulana walilelewa Kiungani na wasichana Mbweni, ambako Bi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 na hakuondoka tena. Alifariki mwaka 1926. Mwaka 1887 A. C. Madan, ambaye wengi wanamjua kwa kamusi zake, alichapisha London kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani wenyewe kisha akazitafsiri. Ukikisoma utagundua kwamba wavulana hawa hawakuwa na akili tupu iliyosubiri kujazwa. Wanaeleza kwao walikotoka, desturi za watu wao, jinsi vita vilivyokuja na jinsi walivyoshikwa. Mwalimu alidhani amepokea mtoto asiye na nyumbani, kumbe mtoto alikuja nako kichwani. Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani ikaanza kutoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, na wanafunzi wakaanza kusimuliana habari kutoka kituo hadi kituo.

Miongoni mwa watoto watano wa mwaka 1864 alikuwamo John Swedi, ambaye mwaka 1879 alipewa ushemasi. Cecil Majaliwa, mtoto mwingine aliyeokolewa utumwani, alikuwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri, mwaka 1890. Mkewe, Lucy Magombeani, alikuwa ametoka Mbweni. Wawili hawa walipokwenda kuishi Chitangali, bara, walikuwa jambo geni kuliko mzungu yeyote: baba na mama Wakristo, weusi, na watoto wao wakikua chini ya paa moja nao. Mzungu alionekana akihubiri na kuandika. Majaliwa alionekana akigombana na mbuzi, akila, akimkemea mtoto na kumbembeleza. Hapo kijiji kilipata cha kutazama.

Mombasa nako kulikuwa na mji wa waliookolewa. Freretown ilianzishwa na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, katikati ya miaka ya 1870, ikapewa jina la Sir Bartle Frere. Walimu wake wengi walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, India, baada ya kukombolewa baharini. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa daraja takatifu mwaka 1885. Makondakta wa matatu wanaoita abiria wa Kengeleni huenda hawaifikirii kengele yenyewe, lakini ipo, na jina la mtaa limetokana nayo.

Buganda ilikuwa na habari nyingine kabisa. Huko watoto walikuwa na wazazi, tena wazazi wakubwa, waliowapeleka wenyewe kwenye kasri la Kabaka wakalelewe kiungwana. Wakiwa huko wakakutana na dini zote kwa pamoja: Uislamu uliokuwa umetangulia, Waanglikana wa CMS, na kuanzia 1879 Mapadre Weupe. Waliojiunga waliitwa wasomaji, kwa sababu dini mpya na herufi vilikuja katika kikapu kimoja. Na kwa kuwa vitabu vya Kiganda vilikuwa bado, wengi walianza kusoma Injili kwa Kiswahili, lugha iliyotoka pwani pamoja na vitambaa na bunduki.

Kisha likatokea jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kiini cha habari nzima. Mwezi wa Novemba 1882 Mapadre Weupe walifunga mizigo wakaondoka Buganda, wakakaa kusini mwa ziwa hadi 1885. Kwa hesabu ya kawaida kanisa lile changa lingekufa. Wakaliacha mikononi mwa vijana kama Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa karibu wa Kabaka, na Andrea Kaggwa, mpiga ngoma. Waliporudi walikuta wanafunzi wameongezeka. Aliyejua sala moja alimfundisha asiyejua, usiku, kwenye vibanda vya kasri. Kardinali Lavigerie alikuwa ameweka kanuni kwamba mtu asibatizwe kabla ya maandalizi ya miaka minne. Vijana hawa waliishi kanuni hiyo bila padri wa kuwasimamia.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 31 Januari 1885 wavulana watatu wa CMS waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mmoja wao, Yusufu Lugalama, akiwa bado mtoto. Balikuddembe alikatwa kichwa Novemba mwaka huohuo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, kesi ikiwa inasubiriwa asubuhi, Charles Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake vijana waliokuwa bado katika mafundisho, Kizito akiwamo, mwenye umri wa miaka kama kumi na minne. Miaka minne ya Lavigerie ikakunjwa ikawa usiku mmoja. Masimulizi yanasema Kizito aliogopa, na Lwanga akamwahidi kwamba wakati ukifika atamshika mkono. Tarehe 3 Juni walichomwa Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Katika mahubiri ya kila Juni husisitizwa ushujaa wao, na ni haki. Husahaulika kwamba Lwanga alikuwa kijana tu aliyewalea wadogo zake katika hali ngumu, na kwamba alichowafundisha walikuwa wamekiona kwake kwanza, alipokuwa akiwakinga na Kabaka mwenyewe.

Sasa tuhamie Kilimanjaro, ambako kuna kichekesho kidogo cha historia. Martin Luther aliandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529, baada ya kukagua parokia za Saxony na kukuta wazazi, na hata wachungaji, hawajui Amri Kumi wala Baba Yetu. Kila sehemu ya kitabu inaanza kwa kueleza jinsi mkuu wa nyumba atakavyowafundisha watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Ni kitabu cha mezani, cha baba na watoto. Walutheri wa Leipzig walipoingia Uchagani mwaka 1893, baba wa Kichagga hakuwa Mkristo, na meza yake ilikuwa na mambo yake. Kitabu cha nyumbani kikawa kitabu cha darasani: mwalimu anauliza, watoto wanajibu kwa pamoja, asiyekariri anachapwa. Wengi wetu tuliokwenda mafundisho ya Kipaimara tunaukumbuka wimbo ule wa maswali na majibu, na tunakumbuka pia fimbo.

Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kukaa Masama kisha Moshi ya Kale, aliona kasoro hiyo mapema kuliko wenzake. Alikaa na wazee, akaandika mafundisho waliyowapa vijana wakati wa jando, juzuu tatu nene zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Akajiuliza kwa nini kanisa lifute ukoo, ujirani na rika, ilhali ndivyo vilivyomlea mtu tangu zamani. Vijana wa Kipaimara akawafunga katika vikundi vidogo vya kusaidiana maisha yote, kama rika lililoshika ngao pamoja. Gutmann alikuwa na upofu wake: alichukia mji na fedha kiasi cha kutaka Mchagga abaki kama picha ukutani, wakati Mchagga mwenyewe alikuwa akipanda kahawa na kuhesabu shilingi. Lakini swali lake lilikuwa sahihi. Serikali ya Kiingereza ilipowafukuza wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920, sharika hazikufungwa. Walimu wenyeji walizishika.

Kusini, Masasi, Vincent Lucas wa UMCA, aliyekuja kuwa askofu wa huko mwaka 1926, alikwenda mbali zaidi. Wavulana Wakristo walikuwa wakitoroka kwenda jandoni, au wakikatazwa na kuchekwa na wenzao kwamba wamebaki watoto. Yeye na mapadre wenyeji wakaweka jando la Kikristo: kumbi likabaki, ngariba akabaki, wazee wakaendelea kufunda juu ya heshima, kazi na unyumba, na kati yake pakaingia sala na mafundisho ya padri. Kwa wavulana jambo hilo lilishika. Kwa wasichana lilikuwa gumu zaidi. Unyago ulikuwa mali ya makungwi, na yaliyosemwa ndani hayakusemwa nje, sembuse mbele ya mwanamume mwenye kanzu. Sioni ajabu. Wamisionari waliotumia miaka mingi kuzungumza na wazee wa kiume walidhani wamezungumza na kijiji kizima.

Na palipokuwa hakuna mazungumzo, palipasuka. Mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti nchini Kenya, ya Waskoti pale Thogoto ikiwa mbele, zilidai waumini na walimu wa Kikuyu watoe ahadi ya kuikana tohara ya wasichana. Waliokubali waliweka alama ya dole gumba. Tohara ile ina madhara makubwa kwa mwili wa mwanamke, na leo sheria ya Kenya inaikataza. Lakini kilichowachoma wazazi wengi kilikuwa kikubwa kuliko tohara: nani mwenye kauli juu ya mtoto? Wakawatoa watoto wao shuleni kwa mamia. Halafu wakafanya jambo ambalo wamisionari hawakulitazamia: wakajenga shule zao wenyewe, za Independent na za Karing'a, na makanisa pembeni yake, na asubuhi watoto wakaendelea kusali na kusoma Biblia. Wazazi walikuwa wamegombana na misheni. Imani waliiona kuwa mali ya watoto wao, wakaibeba wakaondoka nayo.

Mahali pengine mtoto ndiye aliyetangulia. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na huko alianza kufuata mafundisho ya dini pamoja na mwenzake wa shuleni. Baba yake alifariki mwaka 1942 akiwa katika dini ya mababu zake. Mwana alibatizwa Desemba 1943, akiwa tayari mwanafunzi wa Makerere. Uzeeni alizigeuza Injili kuwa tenzi. Kizazi kizima cha wasomi wetu kilipata dini kwa njia hiyo, njiani kati ya bweni na kanisa. Waliporudi likizo walikuta nyumba isiyojua sala zao, na wengi walipofunga ndoa na kupata watoto hawakuwa wamewahi kumwona baba Mkristo akilea. Walijua mwalimu Mkristo tu. Basi wakalea kama walimu.

Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, uliligusa jambo hili bila kulipanga. Walokole walikuwa na desturi ya kuungama dhambi zao mbele ya wenzao, na toba ikadai matengenezo: kurudisha kilichoibwa, kumwomba radhi uliyemkosea, hata kama ni mkeo, hata kama ni mwanao. Baba wa Kiafrika kumwambia mtoto wa miaka minane nisamehe, lilikuwa jambo lisilosikika. Wapo waliowaona walokole kuwa watu wa kelele na kujihesabia haki, na pengine hawakukosea sana. Ila mtoto aliyeombwa radhi na baba yake alikuwa amepata katekisimu ambayo hakuna mwalimu wa darasani angeweza kumpa.

Upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana katika miaka ya 1970 kwamba kanisa lisimame juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Ibada ikahamia sebuleni na uani, zamu kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Mtoto akaanza kumwona jirani muuza mkaa akisoma Injili kwa kusuasua na watu wakimsikiliza, akamwona mama yake akiombewa. Akaona pia watu wazima wakibishana juu ya michango, jambo ambalo nalo ni sehemu ya malezi.

Siku hizi, kabla ya mtoto mchanga kubatizwa, parokia nyingi huwataka wazazi na wasimamizi wahudhurie semina. Nimekaa katika mojawapo, Jumamosi mchana, jijini Dar es Salaam, kwenye madarasa ya chekechea yenye viti vifupi. Mkatekista, mama wa makamo, hakuanza na maana ya ubatizo. Alimwomba baba mmoja aliyevaa saa nzuri asimame aseme Kanuni ya Imani. Baba akaanza vizuri, akafika kwa Pontio Pilato, akakwama. Akatazama chini, kisha akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimnyonyesha mtoto, akasogeza midomo bila sauti ili amsaidie, kama wanafunzi wanavyosaidiana mtihani. Mkatekista aliona, akageukia dirishani.